Kikohozi cha Barabara ya Kumi na Mbili

Walikuja watatu kwa bajaji moja.
Wa nne, mkaza mwana, alikuja kwa miguu.

Bi Mwanamkasi, upindo wa kanga mdomoni;
mwanawe Semboja, wa kiwanda cha saruji, Pongwe;
na mjukuu, Mwantumu, miezi mitano,
mbavu zikibonyea kila anapovuta pumzi.

"Mafua ni mafua," bibi akasema.
"Kayaleta huyo," na kidevu chake
kikamwelekea Zaituni mlangoni.
"Kaenda Muheza matangani, karudi anakohoa,
siku ya nne nyumba nzima tu chali."

Zaituni hakujibu.
Alikuwa akihesabu pumzi za mwanawe kwa vidole.

Miaka kumi na moja nasikiliza vikohozi hapa Bombo,
kwenye chumba chenye dirisha moja
linalotazama kamba za mashuka ya wodi.
Kikavu, cha makohozi, cha kubweka, cha kuvuta.
Nikifumba macho bado siwezi kukwambia ni nani.
Mtu wa Lushoto akinisalimu tu namjua,
wa Pangani hajamaliza sentensi nimeshamjua;
virusi havina lafudhi.

Basi nachukua kijiti chenye pamba.
Namwambia Semboja atazame dari,
nakipeleka puani taratibu mpaka pale
ambapo mtu mzima humkumbuka mama yake.
"Basi, basi, kimekwisha."
Mtoto nilimwachia Zaituni amshike kichwa.
Mkono wake ulitulia kuliko wangu.

Matone manne kwenye kidirisha cha plastiki,
dakika kumi na tano.
Nje, kwenye benchi, bibi anaendelea na kesi,
na Semboja kashika mfuko wa duka la dawa,
vidonge vya rangi mbili, nusu vimekwisha:
dawa ya bakteria, askari aliyetumwa
kumkamata mwizi asiyeishi mtaa huo.

Kisha mistari ikapanda, myekundu,
polepole, kama haya inavyopanda usoni.

Bibi: homa ya mafua, aina A.
Semboja: UVIKO, ambao tulidhani tumeshauzika.
Mtoto: kile kirusi cha vifua vya wachanga,
herufi tatu ambazo hatujazipa jina kwa lugha yetu.
Hilo jibu sikulingoja likauke wino,
nilikimbia nalo wodini, na mtungi wa oksijeni
ukasukumwa, gurudumu moja likilia.

Zaituni: mstari mmoja.
Ule unaosema tu kwamba kipimo ni kizima.

Nyumba moja, sufuria moja, kikohozi kimoja,
kumbe wageni watatu,
na kila mmoja kaingia kwa mlango wake.

Nilitaka kusema, Bi Mwanamkasi, mtake radhi mkweo.
Fomu ya majibu haina nafasi ya maneno hayo.
Tena ningekuwa nimeongopa kidogo,
kwa kuwa hasi si cheti cha usafi.
Hasi maana yake nimebisha hodi milango mitatu
na hakuna aliyeitika.
Labda kijiti kiligusa juu juu.
Labda mgeni kaondoka jana.
Labda yupo wa nne, na mimi sina kipimo chake,
bajeti ya robo hii haikumtaja.

"Kwa hiyo sina kitu?" akauliza Zaituni,
akageuka pembeni, akakohoa kiwikoni.
"Una kitu," nikamwambia. "Sijui jina lake."

Akacheka. Mara ya kwanza tangu asubuhi.
Nikampa barakoa, nikamwelekeza kitanda cha mtoto,
lakini kwanza akaketi, kama mtu
aliyeambiwa na miguu yake mwenyewe.

Bibi alisogea kwenye benchi, shubiri moja hivi.
Kumpa nafasi, au kumkwepa?
Nilisimama na kalamu mkononi nikawatazama.
Kwa hilo pia sina kipimo.